Herufi Isiyo na Namba

Mtongwe, upande wa Likoni, palikuwa na fundi wa redio aitwaye Bakari, na kama ulimpelekea redio yako mwaka wa themanini na saba, basi nakupa pole, kwa sababu huo ndio mwaka alioacha kutengeneza redio za watu. Hakutangaza kwamba ameacha. Alizipokea kama kawaida, akazifungua, akazipanga mezani matumbo nje, akakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi ukienda unamkuta amekaa mbele ya televisheni ndogo isiyo na picha, anasoma kitabu cha Kizungu kwa kidole, na redio yako iko vilevile, ila sasa imewekewa kikombe juu.

Kilichomharibu ni kompyuta. Mzungu mmoja aliyekuwa akikaa Shelly Beach alimletea kitu cheusi, kipana kama daftari, chenye vibonye vya mpira, akamwambia kimeungua pale panapoingia umeme. Bakari akakitengeneza kwa siku mbili. Mzungu hakurudi. Ikasemekana amekwenda kwao, ikasemekana amehamia Malindi. Bakari alikiweka kabatini miezi minne kwa uaminifu, wa tano akakiunga na televisheni akakiwasha.

Kitabu kilichokuja nacho kilikuwa na kurasa mia mbili, na Bakari alikuwa na Kiingereza cha kidato cha pili, kwa hivyo walikutana njiani. Aligundua kwamba ukikiambia kitu kile andika jina langu mara mia, kitaandika mara mia, hakikuulizi kwa nini wala hakikwambii kesho. Bakari alikuwa na miaka thelathini na moja na hapakuwa na kiumbe aliyewahi kumtii hivyo. Akazama.

Programu yake ya kwanza ilikuuliza jina, kisha ikakuamkia shikamoo. Mamake, Bi Nyamvula, aliletwa aione. Bi Nyamvula alikuwa mjane, mkulima wa muhogo na kunde, na jina lake alipewa kwa Kidigo kwa vile alizaliwa siku ya mvua. Herufi za Kizungu hakuzijua. Chuoni alikosoma Kurani utotoni walifundisha za Kiarabu tu. Akaitazama televisheni.

"Yaniamkia mimi, ama yakuamkia weye?" akauliza.

"Yakuamkia wewe, mama."

"Marahaba," akaiambia, akarudi kwenye kunde zake.

Programu ya pili ilikuwa mchezo wa bao, na ulikwenda vizuri mpaka kete zilipoanza kuzaana. Kazi zake zote alizihifadhi kwenye kaseti, na humo zilikaa kama sauti ya bati linalokwaruzwa. Bibi mmoja wa mtaa wa Shika Adabu alirudishiwa kaseti yake ya taarabu ikiwa na lile bao ndani. Aliiweka kwenye arusi. Kesho yake alikuja dukani akasema maneno ambayo mimi siyarudii, na Bakari akamjibu kwa upole kwamba kwenye ile kaseti palikuwa na kazi ya wiki sita, kwa hivyo aliyepata hasara ni yeye.

Mwanatatu alikuja na redio kama wengine. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi hapo Likoni, binti wa Mzee Mwidani, mtu wa minazi mingi na maneno machache. Alhamisi alirudi, akaikuta redio yake ina kikombe. Hakupiga kelele. Alikiondoa kikombe, akavuta kibao, akaketi mbele ya televisheni akauliza, "Hii yafanya nini?"

Bakari akamweleza. Alieleza saa moja na nusu. Mwanatatu akauliza maswali matatu, na kila swali lilikuwa mahali hasa ambapo Bakari mwenyewe hakuwa na uhakika. Wallahi, kama kuna namna nyingine ya kumpenda mtu, Bakari hakuijua. Redio ya Mwanatatu ilitengenezwa siku ileile, ikawa redio pekee iliyotoka kwa fundi yule mwaka mzima.

Mwaka wa themanini na nane, miezi mitatu kabla ya Ramadhani, Bakari akapeleka posa. Mzee Mwidani aliwapokea washenga vizuri, akawapa kahawa, akasema hana neno na kijana, ila majina lazima yatazamwe kwanza. Kwa ukoo wao binti haolewi bila nyota kutazamwa. Imamu wa msikiti alikuwa ameshalisema jambo hilo kwamba halifai, na Mzee Mwidani alikuwa amemsikiliza kwa adabu, kisha akasema imamu hana binti wa kuoza.

Majina yakapelekwa kwa Maalim Mbwana. Usimfikirie Maalim huyu kuwa mganga wa hirizi na ubani. Alikuwa karani wa bandarini miaka ishirini na sita, kazi yake kuhesabu magunia yanayoshuka melini, na alipostaafu akabaki na hesabu bila magunia. Ndipo akashika falaki, elimu ya nyota. Alikuwa na ubao mweusi ukutani, chaki kwenye kopo, na daftari la kila jina aliloliangalia.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake: alifu moja, be mbili, mimu arubaini, te mia nne, hivyo hivyo mpaka zimalizike zote ishirini na nane. Unaandika jina la mtu na jina la mamake, unazijumlisha namba, kisha unatupa kumi na mbili, unatupa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota yake. Nyota ni kumi na mbili, na kila moja ina tabia yake: moto, udongo, upepo ama maji.

Mwanatatu binti Mwanasaumu akatoka tano: Simba, tabia yake moto. Bakari bin Nyamvula akatoka nane: Nge, tabia yake maji.

"Maji yatauzima moto, ama moto utayakausha maji," Maalim akawaambia washenga. "Lolote litakalokuwa, jikoni hapatapikika kitu."

Mzee Mwidani akarudisha posa kwa heshima zote. Na kwa kuwa palikuwa na posa nyingine kutoka Mjambere, ya kijana mwenye lori lake la kubeba mawe ya ujenzi, akasema watu wa Mjambere watajibiwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nyota ya mwenye lori ilikuwa upepo. Upepo na moto, alisema Maalim, hupuliziana vizuri.

Mwanatatu alipita dukani akitoka shule. "Mimi nakutaka, Bakari, sikufichi," akasema akiwa amesimama mlangoni. "Lakini sitoki kwa baba huku baba amenipa mgongo. Fanya ufanyalo, ila lipitie kwake."

Sasa wewe au mimi tungelia kidogo, tukamtafuta mzee wa kutuombea. Bakari alijikuna kichwa, akafikiri kifundi. Binadamu hukosea kujumlisha. Mashine haikosei. Basi Maalim amekosea, na mashine itasema amekosea wapi. Alifurahi kabisa, masikini, akaanza kazi mchana uleule.

Ilimbidi kwanza ajifunze falaki, na wa kumfundisha alikuwa Maalim mwenyewe. Alidhani atafukuzwa. Kumbe Maalim Mbwana alikuwa amekaa miaka na hesabu zake, watu wakija kutaka jibu tu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza limepatikana vipi. Alimfundisha Bakari siku nne mfululizo, akamwagizia chai, akamsahihisha tahajia. Siku ya tano alituma mtoto kumuuliza kwa nini hakuja.

Hakwenda kwa sababu alikuwa akizitia herufi ndani ya kompyuta. Kompyuta ile haikujua Kiarabu, kwa hivyo alizitia kwa majina yake, moja moja, kila moja na namba yake, na kwa kuogopa kukosea alizisoma kwa sauti: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne. Akifika mwisho anarudia. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na Bi Nyamvula alikuwa barazani na ungo wake wa kunde. Miezi miwili mama yule alichambua kunde na kusikiliza alifu moja be mbili, wala hakusema kitu, isipokuwa siku moja alimuuliza kama hana wimbo mwingine.

Mwanatatu alikuja mara mbili kuiona programu. Mara ya pili aliisoma yote juu mpaka chini, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa wagawanya kwa kumi na mbili ukachukua kinachobaki. Na kikibaki sifuri?"

"Nimejaribu majina ishirini," Bakari akasema. "Haijabaki sifuri hata mara moja."

"Sikukuuliza hivyo," akasema Mwanatatu, lakini kengele ya shule ililia, akaenda.

Siku Bakari alipotia jina lake na la mamake, kompyuta ilikwama katikati ya Nyamvula. Ilikuwa imefika kwenye ve. Akatazama orodha yake: ve haimo. Kiarabu hakina ve. Waswahili walipotaka kuiandika waliichukua fe wakaiongeza nukta, zikawa tatu badala ya moja. Akamkimbilia Maalim, na Maalim akamwambia kwamba mwalimu wake aliihesabu kama fe, themanini, na mwalimu wa mwalimu wake vilevile.

Akatia themanini. Kompyuta ikajumlisha mia nne na arubaini, ikatupa kumi na mbili zake, ikaandika NANE. NGE. MAJI.

Bakari aliizima akaiwasha tena. NGE. Akamtia mwenye lori wa Mjambere, akatoka upepo, akaonekana yuko sawasawa. Miezi miwili, na alichokuwa amejenga ni Maalim wa pili, mwenye haraka kuliko wa kwanza. Alikaa kitako sakafuni katikati ya redio za watu, na kwa mara ya kwanza alihisi kifuani kwamba Mwanatatu anakwenda kuolewa Mjambere, na watoto wake watapanda lori la mawe. Alitaka kuipiga ile televisheni teke. Lakini ilikuwa ya mteja.

Kilichobaki mkononi mwake ilikuwa ile ve. Kama si fe, basi si themanini, na kama si themanini, basi si Nge. Akaomba aruhusiwe kuionyesha mashine yake mbele ya Mzee Mwidani, na Maalim awepo. Mzee Mwidani akakubali, nadhani kwa kutaka tu kuona. Zilikuwa zimebaki siku tisa Ramadhani iandame.

Ijumaa baada ya swala, televisheni na kompyuta vikapakiwa kwenye mkokoteni. Bi Nyamvula alivaa buibui lake zuri akafuata nyuma, kwa kuwa posa si jambo la mtu mmoja. Sebuleni kwa Mzee Mwidani walitandikiwa mkeka. Maalim alikuja na kibao chake kidogo na chaki. Wanawake wa nyumba, yaani Mwanatatu na mamake, Mwanasaumu, walikaa upande wa pili wa pazia, na pazia lilikuwa jepesi.

Maalim akafungua daftari lake akaanza kutaja majina ya watu aliowatazama zamani. Bakari alibonyeza, kompyuta ikajibu. Sawa. Jingine, sawa. Jina la saba kompyuta ilijibu kabla Maalim hajaigeuza karatasi, na mzee yule akapiga paja. "Loo! Ningekuwa na hii bandarini!" akasema. "Meli ngapi zingeondoka mapema!"

Mzee Mwidani hakupiga paja. "Sasa mtie mwenyewe," akasema.

Bakari akakohoa. "Maalim, kuna ile ve. Ina nukta tatu. Fe ina nukta moja. Vipi namba iwe ileile?"

"Wewe wataka iwe nini?"

Hilo Bakari hakujitayarisha kuulizwa waziwazi vile. "Labda be," akasema. "Be ni mbili." Akabonyeza. MBILI. NG'OMBE. UDONGO.

Mzee Mwidani akaitazama televisheni. "Binti yangu simba," akasema polepole, "na weye sasa u ng'ombe."

"Ama wau! Wau ni sita." Akabonyeza haraka. SITA. MASHUKE. UDONGO.

"Sasa yu mashuke. Kijana, mmekuja kuposa watu wangapi?"

Maalim akainua mkono. Hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu anayeona magunia yamezidi. "Be siyo, na wau siyo. Ve haiandikwi hivyo popote. Lakini neno moja umesema kweli: katika zile ishirini na nane, ve haimo. Haina namba. Na isiyo na namba haihesabiwi. Iondoe."

Hili Bakari hakuwahi kulijaribu. Akaiondoa ve, akabonyeza. Kompyuta ikafikiri. Halafu ikaandika kwa Kizungu kwamba kuna kosa la tatu katika mstari wa mia na ishirini, ikasimama, haikusema tena.

Nyuma ya pazia mtu alisonya, na ulikuwa msonyo wa mwalimu wa hesabu.

Maalim alikuwa ameshaandika kibaoni. "Mia tatu na sitini," akasema. "Natupa kumi na mbili, natupa, natupa... yabaki kumi na mbili. Samaki. Maji."

"Yangu imetoa sifuri," Bakari akasema.

"Mimi kumi na mbili ya mwisho siitupi, mwanangu. Hiyo ndiyo mtu mwenyewe. Yako imemtupa."

Mzee Mwidani alishusha pumzi akasema amefurahi kuona elimu ya vijana, na kwamba watu wa Mjambere waliomba kuja Jumapili, basi na waje. Bakari akaanza kuchomoa nyaya. Kwa haraka akachomoa hata waya wa televisheni ya Mzee Mwidani, iliyokuwa haihusiki.

"Maalim," akasema Bi Nyamvula.

Wote wakamgeukia.

"Liache hilo jina, lawasumbua bure. Andika Mwanatabu."

"Nani Mwanatabu?"

"Ni mimi."

"Mama!" Bakari akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Umeniuliza lini? Ulikuwa ukiiuliza televisheni."

Maalim Mbwana aliishika chaki bila kuandika. Alimtazama mama yule kwa muda unaotosha gunia zima kupita. "Mwanatabu," akasema.

"Mwanatabu. Mimu, wau, alifu, nuni, alifu. Te, alifu, be, wau."

"Sikukuomba herufi, Bi mkubwa."

"Nimekurahisishia."

Akaandika. Akajumlisha na Bakari wake, zikawa mia saba na ishirini na tisa. Akaanza kutupa. Bakari alikuwa amezichomeka tena nyaya, ameiingiza programu upya kutoka kaseti, na sebule nzima ilisikiliza lile bati likikwaruzwa mpaka mwisho bila mtu kulalamika. Chaki na kompyuta zikafika mahali pamoja. TISA. MSHALE. MOTO.

"Mshale?" Mzee Mwidani akashtuka. "Mshale na simba?"

"Twatazama tabia, Mwidani, hatutazami mawindo," akasema Maalim, akipangusa kibao kwa kiganja. "Moto na moto. Inafaa. Watagombana, lakini watagombana kwa lugha moja."

Nyuma ya pazia Mwanasaumu akapiga kigelegele, na Mzee Mwidani, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na kigelegele, akasema haya basi, lete kahawa.

Walirudi na mkokoteni, Bakari akisukuma, mamake pembeni ameshika televisheni isianguke. Bakari alikuwa akicheka peke yake. Miaka thelathini na mbili hajui jina la mamake! Akamwambia lazima amweleze, alipewa na nani, na kwa nini hakulitumia.

"Jina langu Nyamvula," mamake akasema. "Alinipa babangu. Mvua ilimnyea njia nzima akimfuata mkunga."

Mkokoteni ukasimama.

"Sukuma, watu wanapita. Miezi miwili umeniimbia alifu moja be mbili. Ulidhani nafanya nini na kunde zile? Ukisema mia, naweka mia. Nikatupa kumi na mbili kumi na mbili kama usemavyo. Nikajaribu Mwanasiti, ikawa nge. Nikajaribu Mwanaidi, nge yuleyule. Mwanahamisi ikawa mbuzi, na mbuzi hata mimi nisiyesoma naona hafai kwa simba. Mwanatabu ikatoka tisa, moto kama wa binti. Nikazihesabu mara tatu."

"Mama, ulisema ni jina lako."

"Nilisema andika. Akaniuliza ni nani, nikasema ni mimi. Basi ndiye mimi. Kwa watu wale mimi ni Mwanatabu mpaka nife, na nawe usije ukateleza."

Bakari alitaka kulia, na mkokoteni ulikuwa kwenye kilima. Akasukuma.

Walioana Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Ni kweli waligombana kwa lugha moja, hasa juu ya redio, kwani Mwanatatu aliweka sheria kwamba kompyuta haiwashwi mpaka redio mbili ziwe zimerudi kwa wenyewe. Mstari wa mia na ishirini aliusahihisha yeye. Baadaye, miaka ya tisini, Bakari alipata kompyuta kubwa iliyotupwa na afisi moja ya Changamwe, akaandika programu nyingi, nyingine zikafanya kazi. Ile ya nyota alimpa Maalim Mbwana kaseti yake, naye Maalim akaihifadhi vizuri ndani ya daftari, kwa kuwa hakuwa na kompyuta.

Lakini la jina halikwisha pale. Likoni si mbali na Mtongwe, na maneno hutembea. Bakari alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani: mama sasa aitwe Mwanatabu, ndilo jina lake la chuoni. Wengine walicheka, wengine wakasahau, akawakumbusha. Aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kazi zake zote za kompyuta, bila kuchoka, na safari hii hakukosea mahali. Baada ya mwaka mmoja hata muuza maji alikuwa akimwita Bi Mwanatabu.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka wa tisini, wa kike. Kwa desturi binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, na jambo hilo halikuhitaji kikao. Bakari alimfuata mamake jikoni.

"Tumwite Nyamvula," akasema. "Nitasema nimelipenda tu. Watajuaje?"

"Wataniuliza Mwanatabu ana kosa gani hata mjukuu amruke. Nitajibu nini?" Alikuwa akikuna nazi, na hakuacha kukuna. "Mke unaye, mtoto unaye. Nyamaza."

Siku ya saba nyumba ilijaa wakwe. Mamake Bakari alikaa katikati ya mkeka, mjukuu mapajani, na Mwanasaumu, kama bibi mzaa mama, akainama amwite mtoto kwa jina lake kwa mara ya kwanza.

"Mwanatabu!"

"Abee," akaitika mamake Bakari, kwa niaba ya mtoto, kwa sauti nyembamba, na wanawake wakashangilia. Wakamwita tena, na tena akaitika. Bakari alikuwa mlangoni na birika la chai. Alimtazama mamake akiitika vizuri hivyo, akapekua kichwani ni nani aliyebaki Mtongwe nzima wa kumwita Nyamvula. Alijiona yeye peke yake, na yeye humwita mama.